Aspirini, pua na pumu: swali moja linalopashwa kuulizwa kabla ya kutoa kidonge

Katika miji ya mashariki mwa Congo, kuanzia Bunia hadi Kalemie, kupitia Butembo, Goma, Bukavu na Uvira, dawa ya maumivu haiombewi karatasi ya daktari. Mtu anafika kwenye farmasi ya mtaa wake, au kwa kijana anayetembeza dawa sokoni, anasema kichwa kinamuuma, anatoa franka zake, na anapokea vidonge viwili vitatu vilivyokatwa kwa makasi kutoka kwenye pakiti. Leo itakuwa aspirini, kesho ibuprofeni, kesho kutwa diklofenaki. Hakuna anayeuliza kitu, na kwa watu wengi hakuna kibaya kinachotokea: kichwa kinapoa, kazi inaendelea.

Lakini kuna wakaaji ambao kidonge hicho hicho kinawafungia pumzi. Nusu saa hadi saa tatu baada ya kukimeza, pua inaziba kabisa, kamasi nyepesi zinatiririka, macho yanakuwa mekundu, kisha kifua kinabana na kuanza kupiga filimbi. Jamaa wanafikiri ni malaria iliyopanda, au ni sumu, au ni mkono wa jirani mbaya. Kumbe ni ugonjwa unaojulikana, wenye jina, ulioelezwa na madaktari tangu mwaka wa 1922. Na mara nyingi dalili zake za kwanza zilikwisha kuonekana miaka kadhaa mbele, puani, wakati hakuna aliyezijali.

Aspirini si dawa mbaya na haipashwi kuondolewa sokoni. Kinachopashwa kuondolewa ni ile desturi ya kutoa kidonge bila kuuliza: "Je, una pumu? Je, pua yako imeziba kwa miezi mingi?" Swali hilo halina bei, halihitaji mashine wala umeme, na linaweza kuokoa maisha ya mtu.

Mafiga matatu ya ugonjwa mmoja

Madaktari waliosoma kwa Kifaransa wanauita ugonjwa wa Fernand Widal. Waliosoma kwa Kiingereza wanautaja kwa jina la Max Samter. Jina lolote litakalotumiwa, ugonjwa ni mmoja, nao unasimama juu ya mafiga matatu.

Figa la kwanza ni sinuziti isiyopona. Ndani ya mifupa ya uso, juu ya macho, chini ya macho na kando ya pua, kuna vyumba vidogo vya hewa ambavyo madaktari huviita sinusi. Kwa mtu mwenye afya, vyumba hivyo vinatoa ute kidogo unaosafisha vumbi na kushuka puani bila mtu kujua. Kwa mgonjwa, ngozi laini ya ndani inavimba na kubaki imevimba, mwezi baada ya mwezi. Kisha panaota nyama za pua, vinyama laini vya rangi ya kijivu vinavyoning'inia kama zabibu. Nyama hizo si kansa, lakini zinaziba njia ya hewa na zinaua uwezo wa kunusa. Mama anapika sombe na hasikii harufu yake. Samaki anaungua jikoni na yeye yuko pale pale hana habari.

Figa la pili ni pumu, ile inayoandikwa "asthme" kwenye karatasi za hospitali. Mara nyingi ni pumu iliyoanza ukubwani, kwa mtu ambaye utotoni hakuwahi kubanwa na kifua.

Figa la tatu ni kutovumilia aspirini pamoja na dawa za ukoo wake.

Kwa kawaida mafiga haya hayafiki siku moja. Mtu wa miaka 30 au 40, na wanawake zaidi kuliko wanaume, anapata mafua yanayokataa kupona. Baada ya muda anapoteza harufu. Kisha kifua kinaanza kumsumbua usiku. Halafu siku moja anameza kidonge cha kichwa kama alivyofanya mara mia, na mara hiyo mwili unakataa. Hii ndiyo sababu neno "mimi nimeizoea aspirini tangu zamani" si kinga. Aliyeimeza miaka ishirini bila shida anaweza kupatwa mwaka wa ishirini na moja, kama pua na kifua vimekwisha kubadilika.

Wataalamu waliokusanya tafiti za nchi mbalimbali wanakadiria kwamba kati ya watu wazima 100 wenye pumu, karibu 7 wana tatizo hili. Kwa wale ambao pumu yao ni kali, wanafika karibu 15. Na mtu mwenye pumu na nyama za pua kwa pamoja yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko hao wote. Si jambo la mtu mmoja katika milioni. Katika mji wowote mkubwa wa Kivu au Ituri, muuza dawa anayehudumia wateja wengi kila siku amekwisha kukutana nao, hata kama hakuwatambua.

Jina ambalo Wacongo wengi wanalijua bila kujua

Jina la Widal si geni masikioni mwa wakaaji wa mashariki. Mtu akiwa na homa na tumbo likimuuma, anatumwa laboratwari "kufanya Widal" ili kutafuta kama ni tifoide. Ni yule yule. Fernand Widal alizaliwa Dellys, nchini Aljeria, mwaka wa 1862, akawa daktari na mwalimu mkubwa mjini Paris. Kipimo chake cha tifoide kilitoka mwaka wa 1896. Mwaka wa 1922, yeye pamoja na wenzake Pierre Abrami na Jacques Lermoyez walieleza habari ya mgonjwa aliyekuwa na pumu, nyama za pua, na mwili uliokataa aspirini. Walionyesha kwamba mambo hayo matatu yanakwenda pamoja.

Wakati huo aspirini ilikuwa bado kijana. Felix Hoffmann, mkemia wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani, aliitengeneza mwaka wa 1897, na ilianza kuuzwa kwa jina hilo mwaka wa 1899. Ilienea upesi duniani kote kwa sababu ilikuwa rahisi, ilipunguza homa na ilituliza maumivu. Kwa hiyo onyo la Widal lilikuja miaka 23 tu baada ya dawa kuingia sokoni, lakini halikuenea kama dawa yenyewe. Ilibidi kungoja mwaka wa 1968, wakati Max Samter na Roland Beers walipoandika tena juu ya wagonjwa wa namna hii, ndipo madaktari wa nchi za Kiingereza wakaushika ugonjwa huu kwa uzito.

Kwa nini kidonge cha kichwa kinafunga pua na kifua? Jibu lilikuja kwa vipande. Mwaka wa 1971, John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini inafanya kazi kwa kuzuia mwili kutengeneza vitu vinavyoitwa prostaglandini. Mwaka wa 1975, Andrzej Szczeklik na wenzake wa Kraków, nchini Poland, walionyesha kwamba dawa zinazowaangusha wagonjwa hawa ni zile zile zinazozuia prostaglandini. Zile zisizozizuia haziwadhuru. Na mwaka wa 1979, Bengt Samuelsson wa Uswidi alitoa jina la lukotrieni kwa kundi lingine la vitu vya mwilini, lenye nguvu nyingi za kubana mirija ya pumzi. Vane na Samuelsson, pamoja na Sune Bergström, walipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1982.

Mambo hayo yanaweza kuelezwa kwa mfano wa mto. Kutoka chanzo kimoja, mwili una mifereji miwili: mmoja wa prostaglandini, mwingine wa lukotrieni. Prostaglandini zinaleta maumivu na homa, lakini moja kati yazo inafanya pia kazi ya breki: inazuia lukotrieni zisifurike. Aspirini inaufunga mfereji wa kwanza. Kwa mtu wa kawaida, maumivu yanaisha na hakuna zaidi. Kwa mwenye ugonjwa wa Widal, ambaye tayari pua na kifua chake vimejaa chembe zilizokasirika, breki ikitolewa, lukotrieni zinafurika. Pua inavimba, ute unamwagika, mirija ya pumzi inabana.

Katika maelezo hayo kuna mafunzo matatu kwa mtu wa kawaida. La kwanza: aspirini haileti ugonjwa huu. Inauwasha tu, kama kiberiti juu ya petroli iliyokwisha kumwagika. Mtu akiacha aspirini atakwepa shambulio, lakini sinuziti, nyama za pua na pumu vitaendelea, na vinahitaji matibabu yake. La pili: hii si aleji ya kawaida, kwa hiyo vipimo vya aleji vya ngozi au vya damu haviwezi kuithibitisha. Historia ya mgonjwa, ikisikilizwa vizuri, ndiyo inayofungua njia. Ikibaki mashaka, jaribio la kumpa mgonjwa dawa kidogo kidogo linafanywa hospitalini tu, mbele ya madaktari wenye vifaa vya kuokoa pumzi, wala si nyumbani hata siku moja.

Funzo la tatu ndilo linalogusa farmasi zaidi: kubadilisha aspirini kwa ndugu yake si suluhisho.

Ukoo mzima, si kidonge kimoja

Dawa zinazoufunga mfereji huo ni nyingi, na nyingi zinauzwa kama karanga: ibuprofeni, diklofenaki, indometasini, ketoprofeni, naprokseni, piroksikamu. Mwendesha chukudu anayeumwa mgongo, mama aliyebeba mzigo kutoka shambani, motari aliyeanguka na kuumia goti, wote wanapewa mojawapo. Mara nyingi wanapigwa pia sindano ya diklofenaki katika kituo kidogo cha afya. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa Widal, sindano haina huruma zaidi ya kidonge.

Aspirini yenyewe inajificha. Kuna vidonge vya kuyeyusha ndani ya maji vilivyochanganywa na vitamini C, na kuna dawa za mafua ambazo ndani yake mna aspirini au ibuprofeni. Kwenye pakiti, neno aspirini huenda lisionekane kabisa. Huandikwa "acide acétylsalicylique". Ukoo wote unafupishwa kwa Kifaransa kuwa AINS. Mgonjwa anayejua maneno hayo mawili amekwisha kujilinda kwa nusu. Lakini atayasoma wapi, ikiwa vidonge vimekatwa kwa makasi, pakiti na karatasi ya maelezo vimebaki kwa muuzaji, na yeye amefungiwa dawa ndani ya kipande cha gazeti?

Kuna dawa inayobaki kwa wagonjwa hawa: parasetamoli. Wengi wao wanaivumilia vizuri kwa kipimo cha miligramu 500. Kipimo cha miligramu 1000 kwa mara moja kinaweza kuwasumbua wachache, kwa hiyo ni heri kuanza na kidogo. Na kwa mtu mzima yeyote, parasetamoli haipashwi kupita gramu 4 kwa siku, kwani ikizidi inaharibu ini. Dawa hii inakaa kwenye rafu moja na aspirini, na ni ya bei nafuu. Kwa hiyo hoja ya umaskini haisimami hapa. Muuzaji hapotezi mteja. Anabadilisha tu kidonge.

Kwa nini ugonjwa huu unajificha mashariki

Mafua ya muda mrefu hayamshangazi mtu katika nchi hii. Moshi wa makala na wa kuni unajaa jikoni kila siku. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara linaingia hadi ndani ya sufuria. Kwenye milima ya Masisi, Lubero au Walungu baridi ya usiku inakata. Katika hali hiyo, mtu anayesema pua yake imeziba tangu mwaka jana anajibiwa: "Na yangu pia." Basi ugonjwa unajificha katikati ya wengi, kama mwizi ndani ya soko.

Halafu yanaanza matibabu ya kubahatisha. Mtu ananunua amoksisilini leo, mwezi ujao ananunua nyingine, ingawa nyama za pua hazitokani na vijidudu vinavyouawa na dawa hiyo. Mwingine anatumia kila siku matone ya kufungua pua. Matone hayo yakipita siku chache yanaifanya pua izibe zaidi kuliko mwanzo. Mwingine anaambiwa ni malaria, anameza dawa ya malaria bila kipimo, pamoja na aspirini ya kushusha homa, na hapo mambo yanaharibika.

Lakini dalili ziko, na mtu anayezijua hawezi kuzikosa. Mafua yaliyopita wiki 12 bila kupona. Harufu iliyopotea. Pumu iliyoanza ukubwani. Nyama za pua zilizokatwa na daktari kisha zikaota tena. Kuna na dalili moja ambayo watu wanaichekea: wengi wa wagonjwa hawa wakinywa chupa ya bia au glasi ya divai, pua inaziba au kifua kinabana muda mfupi baadaye. Mtu mwenye mambo mawili au matatu kati ya haya hapashwi kupewa aspirini wala ndugu zake kabla ya kuonana na daktari, na vizuri zaidi daktari wa masikio, pua na koo, yule anayeitwa ORL.

Hofu tatu zinazohitaji jibu

Wako watakaosema kwamba maneno haya yatatisha watu. Mgonjwa wa moyo aliyeandikiwa aspirini kidogo kila siku ataiacha, na hapo atakufa kwa kiharusi au kwa moyo. Hofu hiyo ni ya kweli na inapashwa kujibiwa waziwazi: aliyepewa aspirini na daktari wake kwa ajili ya moyo au mishipa, naye haimletei shida ya pua wala pumzi, aendelee nayo. Asiiache kwa sababu ya habari iliyosomwa au kusikiwa. Akiwa na mashaka, arudi kwa daktari huyo huyo. Onyo hili linahusu watu wenye pumu, nyama za pua au sinuziti isiyopona. Haliwahusu wote.

Wengine watasema kwamba muuza dawa si daktari. Hawezi kuchunguza pua za watu sokoni. Ni kweli, na hakuna anayemwomba afanye hivyo. Anaombwa kuuliza maswali mawili, na jibu likiwa "ndiyo", atoe parasetamoli na kumshauri mtu afike hospitali. Muuzaji anayejua kuuliza "ni ya mtoto au ya mtu mkubwa?" anaweza kuuliza na hilo. Tena swali hilo la mtoto nalo lina uzito wake: aspirini haipashwi kupewa watoto na vijana wenye homa bila amri ya daktari, kwa sababu ya ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ini na ubongo.

Hofu ya tatu ni ya wale wanaosema nchi hii ina vifo vingi vya malaria, vya kuzaa, vya vita, na kwamba kuzungumza juu ya nyama za pua ni anasa. Lakini pumu inaua katika dakika, na mahali ambapo gari la wagonjwa halipo, barabara ni mbovu na oksijeni ni ya kutafuta, shambulio ambalo mahali pengine lingetibiwa linaweza kuwa la mwisho. Pale ambapo kuokoa ni kugumu, kuzuia kuna thamani mara mbili.

Matibabu yapo, lakini hayalingani

Mgonjwa aliyetambuliwa hana sababu ya kukata tamaa. Dawa ya kwanza ni ile ya kupuliza puani yenye steroidi, inayopunguza uvimbe na nyama za pua ikitumiwa kila siku kwa uvumilivu. Kuosha pua kwa maji ya chumvi kunasaidia sana na karibu ni bure, ila maji yawe yamechemshwa na kupoa kabla ya kuingizwa puani. Pumu inahitaji dawa yake ya kuvuta kila siku, na salbutamoli ya kuvuta kwa wakati wa shambulio. Kuna pia montelukasti, kidonge kinachozuia kazi ya zile lukotrieni.

Nyama zikiziba kabisa, daktari wa ORL anazitoa kwa operesheni. Lakini katika ugonjwa huu mara nyingi zinarudi, hasa mgonjwa akiacha dawa ya kupuliza baada ya kupona. Katika hospitali zenye uzoefu, madaktari wanafanya jambo linaloonekana kama kinyume: wanamzoesha mgonjwa aspirini yenyewe, kwa kipimo kidogo kinachopanda polepole chini ya ulinzi mkali, kisha anaendelea kuimeza kila siku. Widal mwenyewe alikwisha kujaribu njia hiyo. Lakini mgonjwa akiacha siku mbili au tatu tu, kinga inapotea na hatari inarudi. Wagonjwa wa vidonda vya tumbo na wanawake wenye mimba hawaanzishiwi matibabu hayo. Si kazi ya kujaribu nyumbani.

Nchi tajiri zina pia sindano mpya kama dupilumabu, iliyokubaliwa Marekani mwaka wa 2019 kwa ajili ya nyama za pua. Bei yake inaiweka mbali sana na mfuko wa mkaaji wa Kadutu au wa Birere. Ndiyo maana, kwa watu wa hapa, kinga iliyo karibu zaidi inabaki kuwa neno: swali la muuzaji, na jibu la mnunuzi.

Kila mmoja na sehemu yake

Sehemu ya muuza dawa imekwisha kusemwa. Iongezwe hii: asikate pakiti bila kumwambia mnunuzi jina la dawa, na kama ana kalamu, amwandikie.

Sehemu ya muuguzi ni kuuliza kabla ya sindano, si baada. Kwenye fishi ya mgonjwa wa pumu au wa nyama za pua, panapashwa kuandikwa kwa herufi kubwa kama anavumilia au havumilii AINS. Vyuo vinavyofundisha wauguzi vinaweza kulifanya swali hilo liwe desturi tangu mwaka wa kwanza, kama kupima joto la mwili.

Sehemu ya viongozi wa maeneo ya afya na ya wizara ni kuwakumbusha wenye farmasi wajibu huo wanapowakagua. Ukaguzi wa kuangalia vibali na kodi peke yake hauponyeshi mtu. Karatasi moja iliyobandikwa ukutani, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, yenye majina ya dawa za ukoo wa aspirini, ingegharimu chini ya kreti moja ya bia. Na juu ya dawa zinazotembezwa ndani ya vikapu chini ya jua kali, sheria zipo. Kinachokosekana ni mkono wa kuzitekeleza bila kuchoka, na bila kuishia kwenye faini za mfukoni.

Radio za jamii zina sehemu yao. Zinafika vijijini ambako hakuna daktari wala intaneti, na tangazo la dakika moja kwa lugha ya wasikilizaji linaweza kufanya kazi kuliko semina ya siku tatu hotelini.

Mgonjwa naye ana sehemu. Aliyewahi kubanwa na pumzi au kuzibwa na pua baada ya kidonge cha maumivu akumbuke jina la dawa, au atunze pakiti, na aionyeshe kwa daktari. Abebe ndani ya mfuko wake kikaratasi chenye maneno haya, kwa sababu ndiyo lugha ya karatasi za hospitali: "Intolérance à l'aspirine et aux AINS". Na shambulio likimpata mtu, jamaa wasingoje kuona kama litapita. Wamkalishe wima, wampe salbutamoli yake ya kuvuta kama anayo, wampeleke hospitali mara moja, na waende na pakiti ya dawa aliyoimeza.

Wahenga walisema heri kuuliza njia kuliko kupotea. Zaidi ya miaka mia moja imepita tangu njia hii ionyeshwe na madaktari wa Paris. Mtu wa mashariki mwa Congo hapashwi kuendelea kupoteza pumzi zake kwa sababu tu, kati ya franka zilizotolewa na kidonge kilichopokelewa, hakuna aliyefungua mdomo kuuliza.